Sura ya Sita: Chagua Pa Kuvunjikia

Ukiinua Hilux na kuivalisha tairi za inchi 33, siku ya kwanza utaona fahari, siku ya pili utaona kazi. Usukani uliokuwa ukikatwa kwa mkono mmoja sasa unadai mikono miwili na bega. Kwenye lami gari linapepesuka. Ukipita tuta linajikata lenyewe upande mmoja kisha linarudi, na ukiingia kwenye mawe usukani unakupiga vidole gumba. Hapo wengi hukimbilia jibu moja: kutafuta pawa steringi, au yenye nguvu kuliko waliyonayo. Nawaelewa, lakini wameanzia mwisho.

Nazungumzia Hilux yenye ekseli nzima ya mbele, hasa ile LN106 ya dizeli ya lita 2.8 iliyotengenezwa kati ya 1988 na 1997, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwetu na ndiyo inayofunguliwa uani chini ya mwembe. Marekani, Toyota waliiondoa ekseli hiyo kuanzia modeli ya 1986 wakaweka mbele sespensheni huru. Huku iliendelea kuja kwa miaka kumi zaidi. Ndiyo maana wapanda mawe wa Moab na wa njia ya Rubicon kule California hadi leo wanazisaka Hilux za 1979 hadi 1985, na wao ndio waliotangulia kufanya mengi ya marekebisho nitakayoyaeleza. Ukisoma vipimo vyao, kumbuka usukani wao uko kushoto. Kila kitu kinageuzwa.

Kwanza tukubaliane jinsi nguvu inavyosafiri. Usukani unazungusha shafti, shafti inaingia kwenye boksi la steringi, boksi linageuza mzunguko kuwa mwendo wa mkono mmoja mfupi wa chuma ambao mafundi huuita pitimani. Pitimani inasukuma na kuvuta fimbo iitwayo dragilinki, nayo inakamata kifundo cha gurudumu, yaani kile chuma kizito kinachoshika gurudumu kwenye ncha ya ekseli na kugeuka nalo. Kifundo cha upande wa pili kinafuata kwa sababu vyote viwili vimefungwa pamoja na tairodi.

Sasa geuza safari hiyo. Gurudumu la mbele kushoto linagonga jiwe. Nguvu inarudi nyuma: kifundo, mkono wake, tairodi, dragilinki, pitimani, boksi, boliti za boksi, chasisi. Nguvu hiyo ni kama maji ya mvua juu ya paa, haiishii hewani. Itatafuta palipo dhaifu itokee hapo. Ukiweka tairodi nene kuliko ya kiwandani, umeihamishia mbele tu, kwenye mkono wa kifundo. Ukiimarisha mkono, itahamia kwenye boliti zake. Ukiimarisha boliti, itakwenda kuipasua chasisi pale boksi lilipofungwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, jiulize ni kipande kipi ungependa kishindwe kwanza. Jibu langu ni tairodi, na kwamba ipinde, isikatike. Tairodi iliyopinda unaiona kwa macho, magurudumu yanaangaliana au yanapeana mgongo, na bado unaweza kujikokota hadi mahali pa kutengenezea. Boliti za kifundo zikikatika kwenye mteremko wa Kitonga, hujikokoti popote.

Kazi yenyewe inaanza na plei, yaani kulegea kwa viungo, wala haihitaji kipuri kipya. Mwombe mtu akae kwenye kiti, injini imezimwa, magurudumu yako chini, akatekate usukani kidogo kushoto na kulia bila kuacha. Wewe lala chini uangalie kila kiungo kwa zamu, ukiweka kidole nusu juu ya kipande kimoja na nusu juu ya kingine. Jicho linadanganyika, kidole kitahisi hata kulegea kwa nusu milimita. Tairodi endi iliyochoka itajitaja yenyewe. Kisha inua ekseli, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ama beringi za gurudumu zimelegea ama zile za kifundo, juu na chini, zimekwisha. Mwambie mwenzako akanyage breki wakati unatikisa: plei ikibaki, ni beringi za kifundo.

Hizi za kifundo ndizo zinazosahaulika sana. Hukaa miaka bila kuguswa kwa sababu kuzifikia kunamaanisha kufungua kifundo chote na kushika ile grisi nyeusi iliyochanganyika na oili ya difu. Lakini usukani wowote utakaofunga juu ya beringi zilizochimbika utatetema. Ukizibadilisha, chini ya kila mkono utakuta shimu, vipande vyembamba vya chuma. Shimu hizo ndizo zinazoamua mkazo wa beringi na kukiweka kifundo katikati ya ekseli, hivyo usizichanganye za juu na za chini, za kulia na za kushoto. Zifunge kwa waya, kila moja na jina lake. Mkazo wenyewe unapimwa kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ya sokoni: unaitundika kwenye tundu la tairodi endi, unavuta polepole, unasoma kilo zinazohitajika kukigeuza kifundo, halafu unalinganisha na kitabu cha gari. Watu hununua mikono ya chuma ya bei mbaya na kuipita mizani hii ya shilingi chache.

Plei ikishakwisha ndipo unaweza kulaumu jiometri, na hapa Hilux inastahili lawama. Kwenye LN106 dragilinki haikatizi mbele ya gari. Inalala kwa urefu, sambamba na chasisi, na pitimani inapigapiga mbele na nyuma. Ekseli ikipanda kwenye tuta, mwisho mmoja wa dragilinki unapanda nayo, mwingine umebaki kwenye boksi. Fimbo haiwezi kurefuka, kwa hiyo inakivuta au kukisukuma kifundo, na gari linakata kona ambayo wewe hukuikata. Gari likiwa na urefu wake wa kiwandani dragilinki iko karibu na ulalo, na kosa ni dogo. Ukiinua gari, dragilinki inasimama mshazari na kosa linakua kwa kila sentimita. Breki nazo zinachangia: ukikanyaga kwa nguvu, springi za mabamba zinajikunja na ekseli inajizungusha kidogo, mkono wa kifundo unasogea, gari linavuta upande. Wengi hubadilisha pedi na silinda za breki kwa tatizo ambalo liko kwenye usukani.

Dawa ni kuilaza dragilinki kwa upana, itoke kwenye boksi upande wa kulia ikakamate kifundo cha kushoto. Ikiwa ndefu na karibu kulala kabisa gari likiwa limesimama tambarare, ekseli inaweza kupanda na kushuka bila kuutikisa usukani kwa kiasi cha kutisha. Kwa hilo unahitaji boksi ambalo pitimani yake inapiga kulia na kushoto, na Toyota walikwisha kulitengeneza: ni lile la magari yao yenye sespensheni huru mbele. Kwa sisi wa usukani wa kulia, chanzo rahisi ni Hilux Surf za 1989 hadi 1995, zilizokuja kwa wingi kutoka Japani na sasa zinachinjwa kwa wingi.

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utalikuta boksi sakafuni kati ya mengine.

"Bosi, hii mali ya Japani, haijafunguliwa hata siku moja," muuzaji atakwambia.

"Sawa kaka. Nipe kitambaa na dakika tano."

Futa juu ya boksi, pale penye skrubu ya kurekebishia na nati yake. Kama kutu na rangi vimekaa sawasawa juu ya zote mbili, hakuna aliyegusa. Kama nati inang'aa pembeni au imeliwa na spana, kuna mtu aliikaza kuficha uchakavu. Kisha zungusha shafti ya juu hadi mwisho mmoja, rudi hadi mwisho wa pili ukihesabu mizunguko, halafu rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati, na hapo ndipo boksi limetengenezwa libane kuliko kwingine, kwa kuwa ndipo gari linapokwenda moja kwa moja. Mwambie muuzaji aishike pitimani, wewe tingisha shafti. Pasiwe na plei unayoweza kuiita plei. Wauzaji wengine hukuonyesha boksi likiwa limekatwa pembeni, na kulegea pembeni ni kawaida, hakukuambii lolote. Zungusha mara ya mwisho polepole sana: ukihisi punje, hata moja, liache. Angalia sili ya shafti ya chini kama imelowa. Ukiridhika, nunua na pitimani yake, boliti zake, na kiungo kinachoishika shafti ya usukani. Ukivikosa hivyo utarudi kuvitafuta, na safari hiyo bei itakuwa nyingine.

Boksi linalopiga kwa upana linaisukuma chasisi upande ambao haikuandaliwa. Ubavu wa chasisi ni bati lililokunjwa kuwa mfereji uliofungwa, ndani ni tupu. Ukitoboa na kupitisha boliti ukaikaza, unalibonyeza bati. Kesho limelegea, ukikaza tena unalibonyeza zaidi, na baada ya miezi michache nyufa zinaanza pembeni mwa matundu. Kwa hiyo kila boliti ipite ndani ya kipande cha bomba kinachogusa kuta zote mbili, na bomba hilo lichomelewe. Nje ongeza bamba la milimita 5 au 6, kubwa kuliko boksi lenyewe, na kona zake uzizungushe. Usilichomelee kwa mstari wima unaokatiza chasisi kutoka juu hadi chini, maana hapo ndipo itakapokatika. Hii ndiyo kazi pekee katika sura hii ambayo ningempa mchomeleaji mzoefu hata kama nina mashine nyumbani.

Vitu ambavyo havichomelewi kabisa ni tairodi endi, pitimani na mkono wa kifundo. Hivi ni vyuma vilivyofuliwa na kupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Moto wa kuchomelea unauharibu ugumu huo pembeni tu mwa mshono, mahali usipoona. Nimekwisha kuona tairodi iliyopinda ikipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikanyooshwa kwa nyundo, ikapakwa rangi na kurudishwa kwenye gari la abiria. Ilionekana mpya.

Mikono mipya ya kifundo inakaa juu ya kifundo, badala ya ile ya zamani iliyo chini. Faida yake kubwa ni kwamba tairodi inapanda nayo, inapita juu ya springi, na jiwe haliifikii tena. Tairodi ya kiwandani inaning'inia nyuma ya ekseli, chini kabisa, na kila gogo linaisalimia. Lakini ule mkono wa juu ulitengenezewa kushika beringi na, upande mmoja, dragilinki. Sasa unaubebesha kazi ya tairodi pia. Kinachoushika ni boliti nne zilizopandikizwa kwenye kifundo, na kila moja ina washa yenye umbo la pia inayojibana kati ya boliti na mkono. Washa hizo ndizo zinazozuia mkono usiteleze. Zikiwa na kutu au grisi, mkono unacheza kiasi cha unywele, na boliti iliyotakiwa kuvutwa tu inaanza kukatwa kwa ubavu. Boliti hazipendi hivyo. Safisha matundu kwa petroli hadi yakauke, weka boliti mpya na washa mpya, kaza kwa spana ya kupimia mkazo hadi Nm 96, msalaba kwa msalaba. Mkono ukibanduka kwa urahisi siku utakapoufungua, ujue washa hazikuwa zinafanya kazi. Ukigoma, na ikabidi ugonge kwa nyundo ya shaba pembeni ili washa ziruke, ulifunga vizuri.

Tairodi mpya ikatwe kwenye bomba lisilo na mshono. Tafadhali lisiwe bomba la maji. Hesabu ndogo inafaa hapa. Chuma cha mviringo kilichojaa cha milimita 25, na bomba la milimita 38 kwa nje lenye ukuta wa milimita 6, vikiwa vya chuma kilekile: bomba ni zito zaidi kwa karibu robo, lakini linahimili kupindwa mara 2.7. Kipenyo kinafanya kazi kuliko uzito. Ndiyo maana sioni haja ya zile fimbo zilizojaa za milimita 40 ambazo watu hujivunia. Fimbo hiyo haitapinda kamwe, na hilo ndilo tatizo lake. Jiwe litakalokuja litalipiwa na boliti nne nilizotoka kuzitaja. Upande mmoja wa bomba nyuzi zikatwe za kulia, upande wa pili za kushoto, ili uweze kurekebisha magurudumu kwa kulizungusha bomba lenyewe bila kulitoa. Tairodi endi za Land Cruiser 80 ni chaguo zuri. Shina la tairodi endi limechongoka, na tundu linalolipokea lazima lichongoke vilevile, lichimbwe kwa rima yenye pembe ileile. Tundu lililotobolewa wima kwa keekee litalishika shina kwenye ukingo mmoja tu, na nati ikikazwa utadhani mambo sawa.

Kwenye mikono mipya angalia pia pembe zake. Gurudumu la ndani ya kona linatakiwa kukata zaidi ya la nje, jambo ambalo Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alilifanyia kazi, na wakala wake Rudolph Ackermann akaliandikisha London mwaka 1818. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, mikono inainama kidogo ndani. Mikono ya bei rahisi imenyooka tu. Kwenye matope hutajua. Kwenye lami tairi zitalia kwenye kona kali na kuliwa pembeni.

Sasa ndipo pawa steringi. Mtu aliyeihangaikia zaidi alikuwa mhandisi wa malori, Francis Davis, wa kampuni ya Pierce-Arrow huko Marekani, aliyejua madereva wanavyoteseka na malori mazito. Kufikia 1926 alikuwa na mfumo unaofanya kazi ndani ya gari, lakini soko la magari ya watu liliupokea mwaka 1951 tu, kwenye Chrysler Imperial. Wazo lake bado ndilo lililomo kwenye boksi la Surf. Ndani ya shafti ya kuingilia kuna fimbo nyembamba inayokubali kujinyonga kidogo. Ukikata usukani na tairi zikakataa, fimbo inajinyonga, valvu inafunguka, na oili yenye shinikizo kutoka kwenye pampu inasukuma upande unaoutaka. Tairi zikikubali, fimbo inajinyoosha na valvu inafunga. Injini ikizimika, chuma bado kimeshikana na chuma. Usukani unakuwa mzito, lakini upo.

Pampu haijui kama kinachokataa ni mchanga au ni tairi iliyobanwa kati ya mawe mawili. Itasukuma tu. Dereva wa usukani mkavu anahisi mkononi kwamba pamebana, anaacha. Mwenye pawa anaendelea kukata hadi kitu kiachie. Hiyo ndiyo sababu naiweka mwisho. Injini ya dizeli ya lita 2.4 ya Surf ni ya ukoo mmoja na ya LN106, hivyo pampu ina nafasi nzuri ya kukaa, ila linganisha mabano na puli kabla hujalipa. Oili ni ATF. Kutoa hewa, inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, kata usukani taratibu mwisho hadi mwisho huku ukiongeza oili, hadi mapovu yakome. Washa injini baadaye. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, bado ina hewa.

Wapo watakaotaka zaidi. Kwenye Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, gari linatakiwa kupita vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Kanuni hiyo inamkataza dereva kuzunguka korongo. Anapita ndani yake. Huko silinda ya haidroliki inayofungwa moja kwa moja kati ya ekseli na tairodi ina maana, kwa kuwa inalipunguzia boksi mzigo na kuirudisha nguvu ya jiwe kwenye ekseli kabla haijafika kwenye chasisi. Kwa gari linalokwenda shamba na kurudi ni gharama na mipira ya kuvuja. Na ule mfumo wa haidroliki tupu, usio na chuma kati ya usukani na magurudumu, mimi siuruhusu barabarani.

Kila kitu kikishafungwa, kata usukani mwisho wa kulia na wa kushoto, ekseli ikiwa imening'inia kisha ikiwa imebeba gari, uangalie mipira ya breki, springi na sampu ya injini. Boliti za kizuizi kwenye vifundo zigonge kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani, la sivyo pampu itakuwa ikilivunja boksi kila unapogeuza gari uani. Weka alama katikati ya kila tairi la mbele, pima umbali kati ya alama hizo mbele ya ekseli, sukuma gari hadi alama zije nyuma kwa kimo kilekile, pima tena. Mbele pawe pungufu kwa milimita 1 hadi 3. Kama usukani haujirudishi wenyewe baada ya kona, tazama shako: shako ndefu zilizoongezwa kuinua gari huiinamisha ekseli mbele na kuua ule mlalo wa kifundo unaonyoosha magurudumu. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli zitaurudisha. Shokamzoba ya usukani usiifunge bado. Jaribu gari bila hiyo, kwanza mwendo wa mguu, kisha barabara tupu. Ikiwa usukani unatetema, kuna plei uliyoiacha, na shokamzoba ingeificha hadi iharibike.

Mwambie wakala wa bima ulichofanya, kwa maandishi. Piga mstari wa rangi unaopita juu ya kila nati na chuma kilicho chini yake, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Baada ya kilomita 100 hivi rudi chini ya gari na spana ya kupimia mkazo, anzia kwenye zile nati nane za vifundo, kisha za boksi, kisha pitimani.